Panier, mji mkongwe wa Marseille: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kiangazi cha Ulaya kikikaribia, simu yangu haipumziki. Binamu anakuja kutoka Dar, rafiki wa rafiki anapita akielekea Italia, mwingine ameona picha ya kichochoro chenye nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu na anataka kujua ni wapi. Maswali ni yaleyale. Basi nimeyaandika majibu mara moja. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayana mengi, mengine mtanivumilia.

Panier ni nini, na uko wapi?

Ni mtaa wa kilimani katika mji wa bandari wa Marseille, kusini mwa Ufaransa. Ukisimama kwenye gati ambako wavuvi huuza samaki asubuhi, ukielekeza uso baharini, Panier uko mkono wako wa kulia. Kwa kweli ni vilima vitatu vilivyoshikana: Saint-Laurent, Moulins na Carmes. Moulins maana yake vinu. Katika karne ya 16 juu yake palikuwa na vinu 15 vya upepo vya kusaga nafaka. Siku upepo wa mistral unapovuma utaelewa kwa nini walivijenga pale.

Kwa nini unaitwa Kikapu?

Ndiyo maana ya neno panier kwa Kifaransa. Jina limetokana na nyumba ya kulala wageni ya karne ya 17 iliyoitwa Logis du Panier, yaani Makazi ya Kikapu. Njia iliyopita mbele yake ikachukua jina hilo, kisha mtaa mzima. Nyumba yenyewe haipo tena.

Una umri gani?

Wagiriki waliotoka Phocaea, mji ulio katika Uturuki ya leo, walitia nanga hapa karibu mwaka 600 KK. Wenyewe wanasimulia kwamba siku hiyo mfalme wa kabila la pale alikuwa akifanya karamu ya kumwoza binti yake, Gyptis. Desturi ilikuwa binti ampe kikombe mwanamume atakayemchagua. Vijana wa kabila walikuwa wamejipanga, lakini Gyptis akampa kikombe mgeni aliyefika kwa jahazi, Protis. Ni hadithi, lakini kila mtu wa Marseille ataisimulia kama shangazi yake alikuwapo harusini.

Wataalamu huamini soko la Wagiriki hao lilikuwa pale palipo uwanja mdogo wa Place de Lenche. Hata hivyo usitegemee kuona nguzo za marumaru. Utaona mikahawa na viti vya mwanzi. Jina Lenche ni la familia ya wafanyabiashara kutoka Corsica, waliotajirika katika karne ya 16 kwa marijani iliyovuliwa pwani ya Algeria. Mashua za Wagiriki nazo zipo kweli: mabaki yake yalifukuliwa mwaka 1993 Place Jules-Verne, nyuma ya jengo la halmashauri ya mji, na sasa yamehifadhiwa katika Musée d'Histoire, mwendo wa dakika chache kutoka bandarini. Ziendee. Kutazama mbao zilizokaa topeni miaka 2,500 ni jambo jingine kabisa.

Nimefika bandarini nikitafuta mji mkongwe, naona maghorofa ya juzi tu. Nimepotea?

Hujapotea. Hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa, kwa sababu anayeliuliza ametumia macho yake.

Mji mkongwe wa Marseille ulikuwa mara mbili ya unavyouona. Vichochoro vilishuka kutoka kilimani hadi maji ya bandari. Majeshi ya Ujerumani yaliingia Marseille Novemba 1942. Mitaa ya chini ilikuwa ya wavuvi, wengi wao wenye asili ya Napoli, pamoja na mabaharia, wapagazi, makahaba na wahamiaji, na kwa mtu mwenye silaha anayetaka utii ilikuwa mahali pabaya, kwa kuwa mtu angeingia mlango huu akatokea mtaa wa tatu. Mapema Januari 1943 wapiganaji wa upinzani waliwashambulia askari wa Kijerumani mjini. Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Hitler, akaamuru mtaa ufutwe.

Kuanzia tarehe 22 Januari 1943, polisi wa Kifaransa chini ya René Bousquet walifanya msako pamoja na Wajerumani. Watu wapatao 6,000 walikamatwa. Kati yao 1,642 walipakiwa kwenye treni kuelekea kambi ya Compiègne, na Wayahudi karibu 800 miongoni mwao wakaishia kambi ya mauaji ya Sobibor. Tarehe 24, Jumapili alfajiri, zamu ikawa ya mitaa ya bandarini: watu wapatao 20,000 walitolewa majumbani wakiwa na kile walichoweza kubeba, na maelfu yao wakapelekwa kambini Fréjus. Walioruhusiwa kurudi walikuta milango yao imevunjwa na vitu vimebebwa. Kisha tarehe 1 Februari baruti zikaanza. Zaidi ya wiki mbili, jengo baada ya jengo. Majengo karibu 1,500, hekta 14.

Na msimalizie kwa kuwalaumu Wajerumani peke yao. Kabla ya msako, serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ilikwisha kuwa na mchoro wa kubomoa na kupanga upya mitaa hiyo, kwa maneno ya usafi na afya. Baruti ilikuwa ya mgeni, lakini ramani ilichorwa nyumbani.

Yale maghorofa ya mawe unayoyaona bandarini ni ya miaka ya 1950, na jina linalotajwa zaidi katika ujenzi huo ni la msanifu Fernand Pouillon. Mimi binafsi nayaona mazuri, ila ninayaona mazuri kwa kigugumizi. Majengo machache ya chini yaliachwa: halmashauri ya mji, kanisa la wavuvi la Saint-Laurent, Maison Diamantée yenye ukuta wa mawe yaliyochongwa kama almasi, na Hôtel de Cabre ya mwaka 1535. Hii ya mwisho ina kisa chake: mwaka 1954 ilizungushwa nzima nzima robo mzunguko ili ilingane na barabara mpya.

Ukitaka kuuona mpaka, nenda ukasimame Rue Caisserie. Upande wa mlimani ni Panier uliobaki. Upande wa baharini ndiko palikopita baruti. Ni upana wa barabara tu.

Kuna mahali pa kuwakumbuka watu hao?

Lipo jumba dogo la kumbukumbu, Mémorial des déportations, ndani ya handaki la zege lililojengwa na Wajerumani wenyewe chini ya ngome ya Saint-Jean. Kila Januari hufanyika kumbukumbu pale bandarini. Na mwaka 2019 mwendesha mashtaka wa Paris alifungua uchunguzi wa uhalifu dhidi ya ubinadamu kuhusu msako ule, miaka 76 baadaye, wakati waliofukuzwa wakiwa watoto sasa ni wazee wa fimbo.

Je, unafanana na Mji Mkongwe wa Zanzibar?

Kwa vichochoro na paka, ndiyo. Kwa milango, hapana; usije kutafuta nakshi. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Panier haumo. Jengo la Marseille lililomo ni ghorofa la zege la msanifu Le Corbusier, Cité Radieuse, lililoingizwa mwaka 2016, na liko mbali na hapa.

Ikiwa ndio moyo wa mji, kwa nini uliachwa kuwa wa maskini?

Kwa sababu matajiri walihama. Mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, hakuwaamini watu wa Marseille. Mwaka 1660 aliingia mjini kupitia tundu lililobomolewa ukutani, kama mtu anayeingia nyumba aliyoivamia, kisha akajenga ngome ya Saint-Nicolas ambayo mizinga yake iliweza kuelekezwa mjini. Mwaka 1666 akaamuru mji upanuliwe ng'ambo ya pili ya bandari. Wenye fedha wakahamia huko, kwenye barabara pana na nyumba za hewa. Kilimani wakabaki mabaharia, wavuvi, mafundi, na yeyote aliyeshuka melini bila anwani. Tangu hapo kila wimbi la wageni limeanzia humu: Waitaliano, Wakorsika, watu wa Afrika Kaskazini, Wavietnamu, Wakomoro.

Tauni ya 1720 ilipita hapa?

Ilianzia hapa. Meli Grand-Saint-Antoine ilifika tarehe 25 Mei 1720 kutoka Levant, yaani pwani ya mashariki ya Mediterania, ikiwa na vitambaa, na tayari watu walikwisha kufa safarini. Sheria za karantini za Marseille zilikuwa miongoni mwa kali kuliko zote Ulaya. Lakini sehemu ya mzigo ilikuwa ya wakubwa wa mji, akiwamo diwani wa kwanza, na soko kubwa la Beaucaire lilikuwa linakaribia. Bidhaa zikalegezewa njia. Vifo vya kwanza vikaonekana kwenye vichochoro vya mji mkongwe mwezi Juni. Katika mji wa watu wapatao 90,000, karibu 40,000 walikufa.

Kwenye uwanja wa Tourette, pale mbele ya kanisa la Saint-Laurent, maiti zaidi ya elfu moja zililala juani wiki kadhaa. Hakuna aliyethubutu kuzigusa, hadi Septemba ofisa aitwaye Roze alipokwenda na wafungwa waliokuwa wakitumikia makasia, wakazitupa ndani ya minara mitupu ya ngome iliyokuwa chini yake. Leo uwanja huo ndio mahali pazuri kuliko pote kutazama jua likizama. Nendeni, mimi mwenyewe huenda. Nimewaambia tu mlichosimama juu yake.

Ni kitu kimoja gani nisikose kukiona?

La Vieille Charité. Msanifu wake, Pierre Puget, alizaliwa hapahapa Panier mwaka 1620. Ujenzi ulianza 1671 na ukakamilika 1749, miaka 55 baada ya yeye kufa. Ni jengo la mstatili lenye ua katikati. Ghorofa tatu za baraza zenye matao zinauzunguka, na katikati ya ua kuna kanisa dogo lenye kuba la yai. Jiwe lake lina rangi ya waridi iliyofifia, na jioni ua wote hubadilika rangi kama uso wa mtu anayeona haya.

Ila kabla ya kuingia, zunguka nje kwanza. Utaona kuta tupu, karibu hakuna madirisha upande wa barabara. Hii haikuwa nyumba ya sadaka kama jina linavyodai. Ilikuwa mahali pa kufungia ombaomba. Walikuwapo askari maalumu wa kuwasaka barabarani, wenyeji wakiwaita chasse-gueux, wawinda ombaomba. Watoto walitolewa kwenda kufanya kazi za ndani, kujifunza ufundi au kutumikia melini. Baadaye jengo likawa la wazee na yatima, kisha kambi ya jeshi, kisha makazi ya familia zilizokosa pa kukaa, wakiwamo waliovunjiwa nyumba mwaka 1943. Liliachwa likaoza hadi Le Corbusier akapiga kelele. Mwaka 1951 likatangazwa kuwa mali ya kuhifadhiwa, na ukarabati ukakamilika 1986.

Ndani kuna makumbusho mawili. Moja ni la akiolojia ya Mediterania, lenye mkusanyo mzuri wa vitu vya Misri. La pili ni la sanaa za Afrika, Oceania na Amerika za wenyeji wa asili, lililofunguliwa mwaka 1992. Vinyago vya Afrika vimetundikwa gizani kila kimoja na taa yake, vizuri sana, na utatoka hujui uvifurahie au uvisikitikie. Makumbusho ya mji hufungwa Jumatatu. Watu wengi hugonga mlango siku hiyo.

Kuna waswahili huko? Nitasikia lugha?

Kiswahili chenyewe, mara chache. Lakini tega sikio. Marseille ina Wakomoro makumi ya maelfu, na lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Utamsikia mama akimwambia muuzaji "marahaba", nawe utageuka ukidhani ameamkiwa. Hapana: kwao marahaba ni asante.

Walifikaje? Kwa meli. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, Marseille ikawa mlango wa Ufaransa kuelekea Bahari ya Hindi. Meli za kampuni ya Messageries Maritimes zilipita Port Said na Djibouti, zikigusa Mombasa na Dar es Salaam njiani kwenda Madagascar na Komoro. Chini, kwenye vyumba vya injini, wenye kuchochea makaa walikuwa mara nyingi watu wa visiwani. Meli ikitia nanga walitafuta chumba karibu na gati, na chumba cha bei nafuu karibu na gati kilikuwa Panier au mtaa jirani wa Belsunce. Baada ya uhuru wa Komoro mwaka 1975 wakaja wake, watoto na wapwa. Leo wengi wanaishi mitaa ya kaskazini, kwenye maghorofa marefu. Mwanamuziki Soprano, jina lake Saïd M'Roumbaba, ametoka huko.

Fedha za harusi kubwa za Ngazidja, anda, hutafutwa kwa kiasi kikubwa hapa Marseille kwa kufagia ofisi alfajiri na kuosha vyombo usiku. Ukikutana na mzee wa Kikomoro kwenye benchi la Place de Lenche, mwamkie kwa heshima na umwambie unatoka Mombasa au Unguja. Lakini usiwe na haraka ya kuondoka, maana atakuuliza habari za ukoo wako wote.

Ni salama?

Mchana, ndiyo. Zamani mtaa ulikuwa na jina baya, na halikuwa la kusingiziwa: majambazi wakubwa wa Marseille wa kati ya vita viwili vya dunia na baada yake walikuwa na watu wao humu. Siku hizi adui yako ni mwizi wa mfukoni, hasa kule chini bandarini penye msongamano. Simu ndani, mkoba mbele. Makao makuu ya polisi yenyewe yako ukingoni mwa mtaa, katika jumba lililokuwa la askofu, na wenyeji hadi leo huyaita l'Évêché. Ukisikia kijana anasema amelala kwa askofu, usimpongeze.

Nije na mama mzee, au na kigari cha mtoto?

Panier ni ngazi. Kigari acha, mbebe mtoto. Mama apandishwe kwa Rue de la République na Joliette, ambako mwinuko ni wa taratibu, wala msijaribu Montée des Accoules: kwa kushuka ni nzuri, kwa kupanda ni adhabu.

Nifikeje?

Metro, kituo cha Vieux-Port au Joliette. Kutoka stesheni ya treni ya Saint-Charles unaweza kutembea kwa miguu kama nusu saa. Gari usilete.

Tutakula nini?

Bouillabaisse, ule mchuzi wa samaki maarufu, ni ghali, na ukiuona wa bei rahisi karibu na gati jua si wenyewe. Mimi huwaambia wageni wangu wajaribu panisse: unga wa dengu unapikwa kama ugali mlaini, unaachwa ugande, unakatwa vipande na kukaangwa. Mtu wa bajia atajisikia nyumbani. Kuna navette, biskuti ngumu yenye umbo la mashua na harufu ya maua ya mchungwa. Chovya kwenye chai, meno yako yatakushukuru. Pizza ni chakula cha wenyeji hapa, kilikuja na Wanapoli. Kwa nyama halali, mihogo, ndizi za kupika na pilipili ya kweli, teremka uende soko la Noailles, robo saa kwa miguu. Hautakosa.

Sabuni ya Marseille inayouzwa kila kona ni ya kweli?

Nyingi siyo. Tafuta mche usio na rangi za kuvutia wala manukato, uliogongwa muhuri wa 72%, yaani kiasi cha mafuta. Ya zambarau yenye harufu ya lavenda ni zawadi ya kuweka kabatini.

Ni kweli wenyeji wanaisha?

Wanapungua. Hospitali ya zamani, Hôtel-Dieu, ambako watoto wengi wa Panier walizaliwa, ilifungwa mwaka 1993 na mwaka 2013 ikafunguliwa kama hoteli ya nyota tano. Mwaka huohuo Marseille ilikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya, na jumba la makumbusho la MuCEM likafunguliwa pale baharini. Daraja jembamba la miguu linaliunganisha na ngome ya Saint-Jean, na jingine linatoka ngomeni hadi Saint-Laurent, mlangoni mwa Panier. Watalii wakapata ngazi ya kupandia. Tamthilia moja ya televisheni iliyodumu miaka 18 ilikuwa imeshatangaza mtaa unaofanana na huu kwa Ufaransa nzima, na hadi leo watu huja kutafuta baa ambayo haipo, ilikuwa ya studio.

Matokeo yake ni visanduku vya funguo vyenye namba za siri pembeni ya milango. Kila kisanduku ni nyumba ya kupangisha kwa usiku mmoja. Nyumba nyingine ni mbovu, na hilo si la mzaha: tarehe 5 Novemba 2018 majengo yaliporomoka Rue d'Aubagne, kule Noailles, yakaua watu 8, na baada ya hapo maelfu wa mjini walihamishwa kwenye majengo yaliyoonekana hatari. Hivyo ukichukua chumba Panier, chukua kwenye hoteli, au kwa mtu anayeishi humohumo. Na usiburuze sanduku la magurudumu juu ya mawe saa tano usiku. Madirisha yapo juu yako, na bibi wa ghorofa ya pili ana ndoo.

Nina saa moja tu. Nipite wapi?

Anzia Rue Caisserie, panda ngazi hadi Place des Moulins upumue, shuka Rue du Petit-Puits uingie Vieille Charité. Tokea upande wa kanisa kuu la La Major, lile la mistari kama pundamilia, lililojengwa 1852 hadi 1893. Pembeni yake limebanwa kanisa kuukuu la karne ya 12 ambalo nusu yake ilikatwa kulipisha jipya. Fuata ukingo hadi Tourette. Kama ni jioni, keti. Meli za Corsica na Algeria hutoka saa hizo.